Dirisha la Kaskazini

Haianzi na A. Hilo huwaudhi wengi.
Inaanzia D, almasi isiyo na rangi kabisa,
kisha hushuka ngazi kwa ngazi hadi Z,
huko chini ambako jiwe lina manjano ya chai ya limau
na wala halioni haya.

Miaka thelathini na moja nimeketi hapa,
ghorofa ya tatu, mtaa wa Hoveniers, Antwerp,
kwenye dirisha linalotazama kaskazini,
maana jua la moja kwa moja ni mshenga:
hulisifia kila jiwe mpaka lipate mchumba.
Mwanga wa kaskazini ni wa kijivu, hauna ndugu.
Baba mkwe, mtu wa Palanpur, alinirithisha kiti,
koleo, mawe saba ya kupimia, na sentensi moja:
"Pallavi, usiitazame usoni. Usoni zote nyeupe."

Basi mimi huzipindua,
uso chini, ncha juu, kwenye mkunjo wa karatasi.
Naipulizia pumzi ili mng'aro ufe,
na katika ukungu wa sekunde mbili
almasi inakiri.

Jumanne alikuja mpaka rangi, Lieven Wouters,
viatu vina madoa ya chokaa,
anataka pete ya mkewe Godelieve, miaka arobaini ya ndoa,
pesa zimo kwenye bahasha kuukuu ya bili ya gesi.
"Nipe D." Kuna mtu kamwambia D.
Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote:
kwa pesa hizo D utaitafuta kwa tochi;
D na E hata mimi sizitengi bila mawe ya kupimia;
na J ukiivisha dhahabu ya manjano,
dhahabu huibeba aibu yote, jiwe likabaki na sifa.
Godelieve hatavaa herufi, bwana. Atavaa pete.

Nikampangia tatu. G, H, H.
Akainama. Lenzi niliyompa hakuigusa.
"Hizi mbili si sawa."
"Zote H."
"Ya kulia ni dari ya jiko
baada ya msimu mmoja wa baridi."

Nikatazama. Nikapuliza. Nikatazama.

"Nimepaka weupe tangu nina miaka kumi na sita," akasema,
taratibu, kama anayeomba radhi.
"Kuna weupe wa hospitali, weupe wa kanisa,
weupe wa mtu anayetaka kuuza nyumba haraka.
Mama, hizi si sawa."

Nikamwita Kunjal wa meza ya pili,
macho ya miaka ishirini na tatu.
Akaliweka jiwe kati ya yale saba,
akalisogeza, akalisogeza tena.
"J," akanong'ona kwa Kigujarati,
akanihurumia kwa kutonitazama.

Wanasema macho hayana pazia.
Yangu yamefumiwa moja, uzi kwa uzi, la manjano,
polepole, hata nisijue chumba kimefifia.
Nikaziwaza bahasha zote za mwaka huu,
herufi nilizoandika kwa penseli bila kusita,
na vidole vilivyolipia.

Lieven aliichukua ile ile J.
Nilipomtajia bei mpya alicheka kidogo, akahesabu noti.
"Jiko letu lina rangi hii," akasema. "Ataijua."

Alhamisi daktari akanimulika.
Mtoto wa jicho. Jina gani hilo!
Nilizaa wawili, wote wakaikimbia meza hii,
mmoja anauza bima, mwingine hapigi simu.
Sasa huyu wa tatu amekuja uzeeni,
ameketi ndani kabisa, mbele ya dirisha,
anachezea mwanga wangu.

Watamtoa Machi, kwa dakika ishirini.
Kwa sasa Kunjal yuko kwenye kiti.
Nimempa koleo. Nimempa mawe saba.
Sentensi bado sijampa.